Mchi wa Esteri

Kibondo, 4 Machi 2024

Kwa shemeji yangu Venanti, Makere, Kasulu.

Kabla hata sijakuuliza hali: wote wanaosimulia habari za mke wangu wanasimulia vibaya. Katekista kasimulia vibaya. Mwenyekiti wa kitongoji kasimulia vibaya, tena na spika mkononi. Na wewe, uliyesimama ng'ambo ya kaburi na uso kama mbuzi aliyenyeshewa, unasimulia vibaya kuliko wote, maana wewe husimulii kabisa, unanuna tu.

Haya, hali. Hamjambo huko? Mama Reverien goti lake vipi? Mimi sijambo, meno yaliyobaki yanatosha ugali laini. Mbuzi wawili wamezaa. Mjukuu wetu Immakulata, ambaye sasa ndiye mke wangu mdogo, ananipikia. Anaunguza maharage. Nikimwambia bibi yako alikuwa haunguzi, ananijibu, "Basi mfuate aliko." Nimezidi kumpenda.

Simu yako nimepiga mpaka yule dada wa "haipatikani" tumezoeana, nataka nimtolee mahari. Ndipo dereva wa gari la Kasulu akaniambia uliipasua kwa jiwe siku ile ile ulipopigiwa kwamba dada yako Esteri amefariki. Simu ina kosa gani, muramu, shemeji yangu? Basi nitaandika. Mimi ni mtu wa ngumbaru, unajua, herufi zangu zimelala kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Lakini mwalimu wetu alisema darasa zima hakuna aliyeandika kwa nguvu kama mimi. Nilikuwa natoboa daftari mpaka kwenye meza.

Sasa sikia. Katekista alisema Esteri alikuwa kondoo. Kondoo! Mwanamke aliyenikimbiza na mwiko mbele ya wakwe kwa sababu nilimpa ombaomba muhogo mbovu! "Mpe mzuri au usimpe," alisema, na mwiko ukanipata hapa shingoni. Wale wakimbizi, siku za kambi, alikuwa anawapelekea makopa ya muhogo kichwani, na akimkuta mtu anamnyang'anya mjane chakula anampiga makofi huku anampakulia naye. Ndiyo upole wake huo. Ulikuwa unaacha alama.

Tunamaliza matanga Jumamosi ya katikati ya Juni. Unaijua mila: mfiwa hashiki jembe mpaka ndugu wa marehemu amletee jembe jipya kwa mkono wake, wanywe pombe chungu kimoja. Ndugu umebaki wewe peke yako. Toka tumezika, shamba langu ni majani. Majirani wananilimia kwa huruma, na mimi Stanislaus, niliyekuwa nalima mpaka ng'ombe wananionea aibu, nakaa kwenye kigoda kama mtemi asiye na watu. Usipokuja, msimu ujao nakula udongo.

Najua kwa nini uliondoka bila kula. Huyo mtu simtaji hapa. Ila siku hiyo atakuwepo, sitakudanganya.

Mimi shemeji yako mzuri wa sura,
Stanislaus

*

Makere, 21 Aprili 2024

Muramu Stanislaus,

Amani. Tupo. Mvua imezidi, maharage yameozea kwenye maganda. Mama Reverien goti limevimba, anatembea na fimbo, na hiyo fimbo ndiyo anayotumia kunituma. Barua yako imefika, dereva alikuwa ameikalia. Mbuzi aliyenyeshewa ni baba yako.

Simu niliipasua. Ikija nyingine nitaipasua.

Unasema wanasimulia vibaya. Basi nisimulie mimi mara moja, usiniombe tena.

Mwaka ule wa majambazi, mwanangu Reverien alikuwa konda wa gari la kutoka huku kwenda kwenu. Walilaza gogo barabarani, porini kule. Wakapiga risasi kioo, dereva akafia kwenye usukani. Abiria wakalazwa kifudifudi, wakavuliwa kila kitu. Mwanangu akakataa kuvua sweta. Sweta tu. Walimpiga kitako cha bunduki mpaka taya likahamia upande wa sikio, halafu panga. Mimi ndiye niliyemwokota. Alikuwa kwenye majani, nzi wanaingia mdomoni na kutoka kama wako kwao. Taya nililifunga kwa kamba ya kiatu changu, ili mama yake akimwona aone mdomo.

Kesho yake mmoja wao akakamatwa uani kwako. Kijiji kikaleta tairi. Na dada yangu, tumbo moja, akamlalia yule Ildefonsi asichomwe. Mwanangu alifunikwa na majani ya porini. Muuaji wake akafunikwa na shangazi wa marehemu. Halafu miaka yote ile ya kifungo akawa anampelekea chakula gerezani, kwa basi, kwa nauli ya mihogo. Katoka kwa msamaha, akampa na pa kulala. Na mimi nakuja kuzika, naona nani kabeba jeneza upande wa kichwa? Huyo huyo, anachechemea na dada yangu begani.

Kuna neno lingine. Hilo siandiki.

Jembe mwambie Ildefonsi akuletee.

Venanti

*

Kibondo, 12 Mei 2024

Kwa muramu Venanti, mtoto wa mtu aliyezaa mbuzi.

Tumshukuru Mungu, huku tunapumua. Immakulata kapata kazi ya kushona kwa Bi Faudhia mjini, kanishonea suruali, mguu mmoja mrefu. Namwambia anapima kwa macho ya mapenzi. Goti la mama Reverien likandwe kwa majivu ya moto kwenye kitambaa, Esteri alikuwa anafanya hivyo. Ukimuunguza usiseme nimekuambia mimi.

Barua yako niliisoma nikaiweka chini ya godoro. Nikaisoma tena. Ile kamba ya kiatu hukuwahi kuniambia.

Sasa kaa chini. Wewe hukuwepo uani kwangu. Nilikuwepo mimi, na mimi nilipigana. Niliwapiga wawili. Haya, mmoja. Haya, kitako cha bunduki kilikuja na mimi nikakipiga kwa mdomo.

Ilikuwa mchana jua linawaka. Nimeshakamua ndizi, mtumbwi wa pombe umejaa, bado kutia mtama tu. Esteri anatwanga makopa, Immakulata mchanga amelala mgongoni kwake. Habari za gari tulishazisikia, ila za nani kafa zilikuwa hazijafika. Wakatoka migombani watatu. Mmoja ana bunduki, mmoja panga, wa tatu kijana, ndevu hazijaota, hana kitu ila sweta.

"Chakula," anasema wa bunduki.

Dada yako akamjibu, "Kaeni. Hakijaiva. Na mnawe mikono, mnanuka."

Kwa majambazi, muramu! Wa bunduki akacheka. Akanigeukia mimi, labda alitaka nicheke naye, sikucheka haraka. Akanipa kitako cha mdomo. Meno matatu. Nikayameza, sikutaka kumpa faida.

Ndipo Esteri akainua macho kwa yule kijana. Sweta ya kijani. Mkono wa kushoto umeshonwa kwa uzi mwekundu. Ule uzi nilimpa mimi, ni wa kushonea magunia, na yeye ndiye aliyemshonea Reverien Krismasi alipokuja kututembelea. Na kifuani pale, doa kubwa la damu, limekauka mpaka sweta imekakamaa.

Akauliza polepole, "Hii umeitoa wapi, mwanangu?"

Kijana akalifunika lile doa kwa kiganja.

Mchi ulikuwa juu, Venanti. Haukurudi kwenye kinu.

Unafikiri alimwonea huruma kwa sababu hakujua? Habari ya kifo cha mwanao aliipata kwenye ile sweta. Mchi wa kwanza ulimkuta kijana kwenye ugoko. Nilisikia kama ukuni mkavu. Wa bunduki akafyatua, risasi ikapita na kipande cha sikio la dada yako. Ile kanga ya kichwani aliyokuwa havui mpaka kanisani, ulidhani ni ucha Mungu? Mtoto akaamka mgongoni anapiga kelele, na Esteri bila kugeuka vizuri akamtandika yule wa bunduki kwa mchi kwenye kiwiko cha mkono. Mkono ukaning'inia kama nguo kwenye kamba. Bunduki ikaanguka. Mimi nikaikalia. Watu wanasema nilijificha. Nilikaa juu ya silaha ya adui, huo ni ujanja wa vita.

Wale wawili wakaona watu wanakuja na yowe, wakakimbia. Kijana hakuweza. Anajivuta kwa viwiko kwenda migombani, na dada yako anamfuata. Anapiga. Ugoko ule ule, mpaka mfupa ukatoka nje, mweupe kama muhogo uliomenywa. Akapiga vidole vya mkono wa kulia vilivyokuwa vinashika majani, kimoja kimoja. Akapiga mbavu. Yule analia "mama, mama," naye anapiga, na Immakulata analia mgongoni, na damu ya sikio inamtiririkia mtoto kwenye nywele. Mimi nimeona watu wakipigana toka naitwa mtoto, muramu. Sijaona mtu anapiga vile. Alikuwa anakupigia wewe.

Halafu akaunyanyua ampige kichwani. Ule wa mwisho. Nikafumba macho. Nilipofumbua, mchi bado uko juu, na Esteri anasema, nilimsikia kwa masikio haya: "Mmoja ametosha. Na huyu ana mama. Asije akamwokota na nzi mdomoni."

Akautupa mchi.

Wakafika watu wa kijiji. Tairi, mafuta ya taa. Majina siyataji, wako hai, wanakaa benchi la mbele kanisani. Esteri akafungua mbeleko, akaniwekea Immakulata mapajani, akaenda kumlalia yule kijana, kifua juu ya mgongo. Wakamwambia toka. Akawaambia, "Chomeni wawili." Walidhani anatania. Mmoja akamwaga mafuta, mwingine akawasha. Gauni lilimgandia mgongoni, muramu, nilinusa, na hakutoka. Mimi na nguvu zangu, peke yangu, nikaupindua mtumbwi. Pombe yote! Ndizi za shamba zima! Ilizima moto, na wazee wengine nakuhakikishia walilia kwa ajili ya pombe.

Tangu siku hiyo mgongo wake haukutoa jasho. Kwenye joto alikuwa analala chini kwenye sakafu, tumbo chini, na mimi nampepea kwa ungo.

Na hicho chakula cha gerezani. Hakimu alimpunguzia yule kwa sababu ya umri na kwa kuwa hakushika silaha. Mara ya kwanza Esteri alipompelekea ugali, niliona mwenyewe: alitema mate katikati ya ugali, akakaa akamwangalia mpaka amemaliza. Mara ya pili hakutema. Ndiyo kondoo wa katekista huyo.

Njoo na jembe.

Stanislaus, mshindi wa bunduki

*

Makere, 2 Juni 2024

Muramu,

Tupo. Goti tumelikanda, nimemuunguza, nimesema umeniambia wewe.

Sweta sikujua.

Kuja nitakuja. Usiniulize nakuja na nini.

V.

*

Makere, 30 Juni 2024

Muramu Stanislaus,

Amani kwako na kwa Immakulata. Tulifika salama. Mama Reverien anasema kwenu chumvi ni nyingi lakini watu ni wazuri. Mvua zimekwisha, tumeanza kuanika maharage machache yaliyopona. Suruali yako nimeiona. Nilitaka kucheka, siku hiyo haikuwa ya kucheka.

Niandike sasa, nisije nikaacha.

Kwenye ule mfuko wa mbolea niliokuja nao matangani, chini ya jembe, kulikuwa na panga. Nililinoa toka barua yako ya kwanza. Uliuona mfuko, nikakuona unauona, ukaendelea kutania watu. Uliniachia. Sijui kama ni imani au uoga.

Niliposimama mbele ya watu na jembe mkononi, nikamwona amekaa nyuma ya akina mama, kwenye gogo, mguu ameunyosha. Nikapita watu. Sikukusudia kuanza na mpini, mpini ndio uliokuwa mkononi. Nilimpiga begani. Nilimpiga mgongoni, nikampiga kichwani hapa juu ya sikio, ngozi ikafunguka. Hakunyanyua mkono. Ningependa angenyanyua. Akina mama wanapiga kelele, Immakulata ananivuta shati mpaka vifungo vikatoka, namsukuma. Mpini ukavunjika, nikampiga na kipande. Mkono mwingine ukaenda kwenye mfuko.

Ndipo yale maneno ya dada yakaja. Mmoja ametosha. Asije akamwokota na nzi mdomoni. Toka nisome barua yako nilikuwa nayalalia, nayaamkia. Nilijiuliza alijuaje habari za nzi, maana hakuwepo kule porini, na mimi sikumwambia. Nikasema ni damu. Damu moja inajua.

Mkono nikautoa mfukoni, mtupu. Nikakukabidhi jembe lisilo na mpini. Ukasema mbele ya watu wote, "Shemeji, nilime kwa kucha?" Wakacheka huku wanalia. Nikakaa mbele ya chungu cha pombe. Yule akaletwa, kitambaa kichwani, akakaa upande wa pili, akachukua mrija wake. Sikumpa mkono. Sitampa. Nilikunywa tu, na yeye akanywa, pombe ikashuka.

Lile neno nililokataa kuandika, andiko lake hili. Mwaka wa sabini na mbili, mwaka wa mauaji kule tulikotoka, nilikuwa wa kubebwa. Esteri alikuwa msichana mdogo. Wazazi walikwisha kuuawa mlangoni, kwa nyundo na mikuki. Akanibeba mpaka matete ya mto Malagarasi. Wanaume wenye silaha wakaja wanachoma matete kwa ncha za mikuki, huku na huku, kila wakisikia kitu. Akanilaza chini akanilalia, kifua juu ya mgongo, mkono mdomoni kwangu. Mkuki ulimpita kwenye paja, kovu lile unalijua. Hakulia. Mimi nilisikia moyo wake unapiga mgongoni mwangu. Maisha yangu yote, muramu, nikiogopa kitu nausikia mgongoni.

Na mgongo huo huo, namna hiyo hiyo, akaenda kumpa yule. Hilo ndilo lililonikaa kooni. Siyo tairi. Nilimwonea wivu muuaji wa mwanangu. Mtu anaandikaje neno kama hilo?

Basi. Nimeongea na fundi Nurudini wa hapa Kasulu, anajengea makaburi, ana mkono mzuri. Atakuja mwezi wa nane na saruji. Nimemwambia aandike juu ya kaburi maneno yale ya dada, yote, pamoja na nzi. Kila atakayepita asome. Yaliniokoa mimi na gereza.

Mpini nitakuchongea mwingine.

Venanti

*

Kibondo, 14 Julai 2024

Kwa muramu Venanti.

Huku wazima wote. Ildefonsi kidonda cha kichwa kimekauka, kimeacha mstari, Immakulata anamwambia sasa una barabara ya lami. Mpini usihangaike, nimeweka wa zamani, unacheza kidogo lakini nimeanza kulima. Nimelima mpaka kwenye mgomba wa tatu. Mjini wanasema ni wa kumi, mimi sijawakatalia.

Nimekaa na barua yako wiki nzima. Mara ya kwanza nilitaka kukujibu kwa utani, nikakosa. Ulivyoniandikia habari ya matete, nilitoka nje nikakaa pale kwenye kinu. Mke nimeishi naye hivyo, kovu la paja aliniambia ni la mti.

Mfuko niliuona, ndiyo. Siyo imani wala uoga. Nilikuwa nimeshasema na vijana wawili wakae nyuma yako. Walikimbia ulipoanza. Utani wa Mungu.

Sasa habari ya fundi. Mrudishe.

Najua utakasirika, na panga bado unalo, na mimi kichwa changu ni kimoja. Lakini saruji siyo barua, saruji haichomwi. Hatuwezi kumwekea Esteri juu ya kifua uongo wa saruji.

Siku ile nilifumba macho, hiyo ni kweli. Nilipofumbua, mchi ulikuwa chini. Ulimponyoka. Mikono ilikuwa haiwezi kushika hata ushungi wake. Ilichoka, Venanti, kama yako ilivyochoka siku ya matanga. Wewe unasema maneno ndiyo yaliyokuzuia. Mimi nilikuwa nakuangalia. Ulikuwa unahema kama yeye, mkono umetoka mfukoni mtupu kama wake. Kabla sijakuandikia barua yoyote mlikuwa mmeshafanana.

Alisema neno moja tu, "Maji." Nikampa. Akanywa yote, yule kijana anamwangalia, hakumbakizia hata tone. Halafu tukasikia tairi linaviringishwa, akaniwekea mtoto mapajani, akaenda kulala pale. Kwa nini, sijui. Nimemuuliza miaka yote hii, mpaka mwezi ule aliougua nimemuuliza, alikuwa ananijibu, "Stanislaus, kula, kinapoa."

Mwambie Nurudini aandike jina tu. Yale maneno niliyatunga mimi, nikiwa nimekaa na kalamu na woga wa kukuona unakuja kuua. Nzi niliwatoa kwenye barua yako.

Stanislaus